Wazee ni Walimu wa Watoto Wadogo

Fundisho kwa wakatekumeni wa vijijini

Alfajiri, kandokando ya ziwa Tanganyika, mitumbwi yarudi kutoka uvuvini. Taa zilizowaka usiku kucha juu ya maji zimezimwa, na wavuvi wavuta nyavu zao mchangani. Akina mama wenye mabeseni wamekwisha kufika kununua ndagala, ili wazianike mapema au wazipeleke sokoni Uvira. Wengine wameshika majembe, nao wapanda mlimani kwenye mashamba ya muhogo. Upande wa kaskazini, katika bonde la Ruzizi, ni vivyo hivyo: watu waamka na giza kwenda kwenye mpunga, mahindi na muhogo. Jua likichomoza, kijiji ni kama kitupu. Ni nani wabakio? Wabaki watu wa namna mbili tu: watoto wadogo sana na wazee sana.

Wengi huona jambo hilo kuwa ni mzigo juu ya mzigo. Husema: "Hawa hawafai kazi bado, na wale hawafai kazi tena." Fundisho hili lataka kuonyesha kwamba wasemao hivyo wamekosea. Mtoto anahitaji mtu mwenye saa na subira, na mzee anahitaji mtu wa kumsikiliza. Kila mmoja anacho kile ambacho mwenzake amekosa. Kijiji kinachowaweka pamoja kwa utaratibu mwema chapata shule, hata kama hakina nyumba ya shule.

1. Miaka mitatu iliyosahauliwa

Wazazi wa leo wapenda shule, na hilo ni jema. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 iliahidi kwamba shule ya msingi itakuwa bure katika shule za serikali, na tangu Septemba mwaka 2019 ahadi hiyo ilianza kutekelezwa. Watoto wengi ambao zamani walifukuzwa kwa kukosa karo wameingia darasani. Lakini shule ya msingi huanza mtoto akifikisha miaka 6. Kabla yake iko shule ya chekechea, ile ambayo wengi huiita maternele, ya miaka mitatu, tangu mtoto ana miaka 3. Hiyo si ya lazima, wala haikuingia katika ile ahadi ya bure, tena hupatikana zaidi mijini. Mtoto wa kijijini aweza kukua asiione hata siku moja.

Basi tuulize: tangu miaka 3 mpaka 6, mtoto wa kijijini afundishwa na nani? Akiachwa, hufundishwa na njia na vumbi. Akikabidhiwa dada yake wa miaka 8, watoto wawili wapata hasara: mdogo hana mlinzi wa kweli, na mkubwa akosa darasa lake. Madaktari waliochunguza ukuaji wa mtoto watuambia kwamba ubongo wake hukua upesi mno katika miaka ya kwanza, na kwamba mtoto anayesemeshwa, anayeimbiwa na kujibiwa anapouliza, hupata maneno mengi na akili iliyo tayari kwa masomo. Wahenga walilijua jambo hilo waliposema: samaki mkunje angali mbichi.

2. Mfano

Tuseme kijiji kimoja, kati ya Makobola na Mboko, mahali ambapo milima yashuka hata karibu na maji. Humo alikaa mama mjane, mzee sana. Wanawe wawili walikimbilia ng'ambo ya ziwa wakati wa vita, wala hawakurudi. Mgongo wake ulikuwa umepindika. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa sababu tangu ujana wake alikausha samaki juu ya moshi. Kila jioni aliketi mlangoni pake akisema peke yake, kama wafanyavyo wazee wengi wasio na mtu wa kuzungumza naye.

Msimu mmoja wa mvua, kipindupindu kiliingia kijijini, na mtoto wa jirani akafa. Siku ya tatu baada ya mazishi watu walianza kunong'ona: "Mmeyaona macho yake? Jioni asema na nani?" Hakuna aliyetamka neno waziwazi, lakini akina mama wote waliwakataza watoto wao wasipite mbele ya mlango ule.

Kijijini humo alikuwako pia mama kijana, mkatekumeni wa mwaka wa pili. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 4. Kila asubuhi alimwacha mikononi mwa dada yake, msichana wa miaka 8, ndipo akaenda pwani kununua ndagala. Siku moja aliporudi alimkuta msichana analia kando ya maji, na mtoto hayupo. Mama akatupa beseni, akakimbia ufukoni akiita, wala hakusikia jibu. Akapanda tena kijijini hali amechanganyikiwa. Alipofika karibu na mlango wa mjane, akasikia sauti ya mtoto wake. Mtoto alikuwa akihesabu kwa Kibembe, polepole, na sauti ya kizee ikimsahihisha.

Alimkuta ameketi juu ya mkeka, na mbele yake kokwa za mchikichi zimepangwa mstari. Yule mzee alijaribu kusimama, akasema: "Binti yangu, nisamehe. Nilimkuta mtoto huyu maji yamemfika magotini, akimfuata bata. Nikamshika mkono. Nilitaka kumleta kwako, lakini niliogopa. Najua watu wangesema nini wakiniona nimemshika mtoto wa mtu."

Mama kijana alikosa neno. Mwishowe akaketi mkekani, akasema: "Mama, asante."

Kesho yake hakumwacha mtoto kwa dada yake. Alimpeleka mwenyewe kwa mjane, mchana kweupe, pamoja na ndoo ya maji na samaki wachache. Jirani zake wakamwuliza njiani: "Dada, huogopi?" Akawajibu: "Naogopa maji. Yeye ndiye aliyemtoa mtoto wangu majini."

Jumapili ile mwuguzi wa zahanati alikuja kijijini, akaeleza kwamba kipindupindu hupita katika maji na vyakula vilivyochafuliwa na choo, tena akaonyesha mahali ambapo watu walichota maji ya ziwa karibu na uchafu. Wengine walisadiki, wengine walinyamaza. Baada ya juma moja akaja mama wa pili na mtoto wake, kisha wa tatu. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani aliyekuwa hawezi tena kupiga kasia, akahamisha nyavu zake za kushona, akaja kukaa chini ya mwembe uleule. Mvua zilipokwisha, watoto walikuwa kumi na mmoja. Akina mama wawili hawakuwaleta watoto wao kamwe. Yule mama aliyefiwa hakuleta mtoto, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Lakini asubuhi moja alikuja, akaketi kando ya mjane bila kusema neno, akachukua kibuyu cha maji, akaanza kuwaosha watoto mikono.

3. Mambo ambayo mzee humfundisha mtoto

Mfano huo waonyesha kwamba mzee hamlindi mtoto tu. Humfundisha kweli, ingawa hana ubao wala chaki. Tutazame mambo matano.

Kwanza, lugha. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Mzee anajua Kivira, Kifuliiru au Kibembe kilicho safi, pamoja na vitendawili, methali na hadithi zake. Kiswahili nacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Wazazi wengine hufikiri kwamba lugha ya nyumbani itamzuia mtoto asijue Kifaransa. Sivyo. Mtoto aliyezoea kusikiliza hadithi mpaka mwisho, akaweza kuisimulia mwenyewe bila kuruka jambo, amekwisha jifunza kufuata maneno ya mwalimu. Atakapokutana na herufi, atakuwa na maneno ya kuandika.

Pili, hesabu. Yule mjane alifundisha kwa kokwa. Mvuvi mzee hufundisha kwa matundu ya wavu na vyelezo vyake: hapa viko vinne, ongeza kimoja, jumla vitano. Mama mzee anayepima ndagala kwa kikombe afundisha kujaza na kupunguza. Mtoto ashikaye vitu kwa mkono huelewa hesabu upesi kuliko yule anayeimba majina ya tarakimu tu.

Tatu, adabu na kazi. Kuamkia wakubwa, kungoja zamu, kugawa chakula, kumpokea mgeni, kufagia mahali alipokula: mambo hayo hayafundishwi kwa hotuba moja. Yataka mtu wa kuyarudia kila siku bila kuchoka, na mzee hana haraka.

Nne, hatari za nchi yao. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, nalo pepo zake huinuka ghafula. Mito ishukayo milimani yaweza kuwa kijito asubuhi na gharika jioni. Aprili mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za pwani. Mzee aliyekaa miaka 70 mahali pamoja huyajua mapito ya zamani ya maji. Humwonyesha mtoto: hapa tusicheze mawingu yakiwa meusi mlimani, hapa tusiingie majini, tukisikia mngurumo wa mto, tukimbilie kule juu. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Tano, kumbukumbu. Mtu aliyekuwa mtoto mwaka 1964 ni mzee leo. Wazee wa pwani hii ndio wanaokumbuka siku zile za uasi, na tarehe 28 Novemba mwaka ule, walipouawa Baraka na Fizi wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri, ndio Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padre Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti mwaka 2024, mjini Uvira, walitangazwa kuwa wenye heri. Mtoto wa miaka 5 haambiwi habari za damu. Lakini mzee aweza kumwambia kwamba walikuwako watu waliopenda kijiji hiki hata mwisho, na akikua atamwambia yaliyobaki. Mzee akifa bila kusikilizwa, yaliyobaki hayo hufa pamoja naye.

4. Ushuhuda wa Maandiko

Mkatekumeni asomaye kitabu cha Ruthu aona jambo la namna hiyo. Naomi alifiwa na mume na wana wawili katika nchi ya ugeni, akarudi kwao mikono mitupu, akijiona kuwa maisha yake yamekwisha. Lakini mwishoni mwa kitabu Ruthu anamzaa Obedi, na Naomi anampokea mtoto kifuani, anakuwa mlezi wake. Mtoto huyo ndiye babu wa mfalme Daudi. Wanawake wa Bethlehemu hawakumwambia Naomi, "Pumzika, wewe umezeeka." Walifurahi pamoja naye, kwa kuwa mtoto alimrudishia uhai.

Tena Mtume Paulo, katika barua yake ya pili kwa Timoteo, akumbuka imani ya Loisi, bibi yake Timoteo, na ya Eunike, mama yake. Bibi anatajwa kwanza. Askofu kijana alianza kufundishwa miguuni pa mama mzee.

Kanisa halikusahau jambo hilo. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka siku ya dunia ya babu, bibi na wazee, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Ana, babu na bibi yake Bwana Yezu.

5. Waliofanya hivyo mahali pengine

Mtu asidhani kwamba jambo hilo ni la nchi maskini tu. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilianzisha kazi iitwayo Foster Grandparents. Wazee wenye mapato kidogo walialikwa kukaa na watoto wenye shida, kuwasomea, kuwasikiliza na kuwasaidia katika masomo, wakapewa posho ndogo ili wasiumie kwa wema wao. Huko Senegal, upande wa Vélingara, shirika liitwalo Grandmother Project liliwarudisha akina bibi katika shauri la malezi ya watoto. Walimu waliwaita shuleni wasimulie hadithi na kufundisha tabia njema.

Mombasa, mwaka 1986, mfuko wa Aga Khan pamoja na jamaa za Waislamu walianzisha shule za watoto wadogo zilizoshikamana na madrasa. Wanawake wa mahali pale walifundishwa ualimu, wakatengeneza vitu vya kuchezea kwa vile vilivyopatikana karibu. Kazi hiyo ikaenea mpaka Zanzibar na Uganda. Hao hawakuwa wazee wote, lakini watufundisha neno moja kubwa: shule ya mtoto mdogo haianzi na majengo wala vitu vya dukani. Huanza na mtu mwema aliyefundishwa kidogo.

Na kule Nshamba, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee limewasaidia wazee, hasa akina bibi waliobaki kulea wajukuu baada ya wazazi kufa, kwa kuwapa fedha kidogo kila mara. Hilo nalo latufundisha: amleaye mtoto lazima aweze kula naye.

6. Utaratibu wa kazi

Jambo jema lisipowekewa utaratibu huharibika. Kwa hiyo kijiji kitakacho kuwaweka wazee na watoto pamoja kishike mambo haya.

(a) Mzee aombwe, asilazimishwe. Kazi ya kujitolea ni ya moyo. Mzee aliye mgonjwa, au aliyechoka, au asiyependa kelele za watoto, aachwe kwa heshima. Tena si kila mzee afaa. Mlevi, mwenye hasira kali, na mtu ambaye wazazi wana sababu ya kweli ya kumshuku, wasipewe watoto.

(b) Wazee wawe wawili au zaidi, na mahali pawe wazi, chini ya mti au barazani, ambapo kila apitaye aona. Mtoto asifungiwe ndani na mtu mmoja, hata akiwa nani. Mmoja akienda haja, mwingine abaki. Tena awepo karibu kijana au mama mmoja kwa zamu, mwenye miguu ya kukimbia, kwa maana mzee hawezi kumfuata mtoto aelekeaye majini.

(c) Watoto wasizidi nguvu za walezi. Wazee wawili wenye watoto kumi wataweza. Wakiletewa thelathini, hapo hakuna malezi tena, pana zizi.

(d) Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Watoto waoshe mikono kwa sabuni, au kwa majivu sabuni ikikosekana, kabla ya kula na baada ya kwenda choo. Katika nchi ya Uvira, ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara, kanuni hii haina ruhusa. Mzee aliyezoea desturi nyingine asione haya kufundishwa na mwuguzi kijana. Mwalimu mwema ni yule ambaye bado ni mwanafunzi.

(e) Fimbo ibaki kwa mbuzi. Mtoto wa miaka 4 akipigwa hujifunza kuogopa na kuficha. Vivyo hivyo hadithi za kutisha, za mizimu na walozi, zisitumiwe ili kumnyamazisha mtoto. Hofu iliyopandwa utotoni huvunwa ukubwani, kama tutakavyoona.

(f) Kila mama aletaye mtoto alete na kitu: unga kidogo, kuni, maji, samaki. Yule mzee hakuomba mshahara, lakini kujitolea si kufa njaa. Kumwachia watoto tangu alfajiri hata jioni bila chakula ni kumfanya mtumwa, ndiyo dhambi juu ya haki. Asubuhi mpaka adhuhuri yatosha.

(g) Mwalimu wa shule ya msingi apite mara kwa mara, awaonyeshe wazee mchezo mpya au wimbo, naye asikilize hadithi zao. Watoto wale wale watakuwa darasani kwake baadaye.

7. Adui wa kazi hii

Liko jambo moja ambalo laweza kuvunja yote yaliyosemwa hapa, nalo ni shutuma za ulozi. Katika mfano wetu, watu walimshuku mjane kwa macho mekundu na kwa kusema peke yake. Moshi ulimtia wekundu wa macho, na upweke ulimfundisha kusema peke yake. Mtoto wa jirani aliuawa na maji machafu. Lakini mnong'ono mdogo waweza kuwa moto. Mwaka 2021, katika jimbo hilihili la Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa, wengi wao wazee, walishutumiwa ulozi, wakauawa na makundi ya watu. Hawakuwapo mbele ya hakimu, wala hakuna aliyewatetea.

Mkatekumeni ajue basi: anayepitisha mnong'ono avunja amri ya nane, kwa maana amshuhudia mwenzake uongo. Na mnong'ono ule ukimfikisha mtu kwenye kifo, yeye naye ashiriki uvunjaji wa amri ya tano. Wala asijitetee akisema: "Mimi nilirudia tu niliyoyasikia." Tena aitazame hasara ya kijiji kizima. Mahali ambapo wazee huogopwa, watoto hukimbia wakiwaona. Na mtoto aliyezoea kuwakimbia wazee atakuwa kijana wa kuokota mawe. Lakini mtoto aliyehesabu kokwa miguuni pa mama mzee hataokota jiwe juu yake. Hivyo mkeka ule chini ya mwembe ni shule ya mtoto, na tena ni ukuta wa kumlinda mzee.

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Wengine hufikiri kwamba heshima hiyo ni kusalimia kwa magoti na kununua sanda nzuri. Heshima ya kweli ni kumwuliza mzee neno angali hai, na kumpa kazi inayomstahili.

8. Maswali na majibu

Swali: Ni nani wabakio kijijini watu wazima waendapo kazini?
Jibu: Wabaki watoto wadogo na wazee, na kila mmoja anacho kile ambacho mwenzake amekosa.

Swali: Je, mtoto aanza kujifunza siku ya kwanza ya shule ya msingi?
Jibu: Hapana. Amekwisha anza tangu alipozaliwa, na miaka kabla ya 6 ni miaka ya kujifunza upesi sana.

Swali: Mzee asiyejua kusoma aweza kumfundisha mtoto nini?
Jibu: Lugha, hesabu kwa vitu vya mkononi, adabu na kazi, hatari za nchi yao, na kumbukumbu za watu wao.

Swali: Ni nani katika Maandiko aliyekuwa mlezi katika uzee wake?
Jibu: Naomi, aliyemlea Obedi, babu wa mfalme Daudi. Na Loisi, bibi yake Timoteo, asifiwa na Mtume Paulo.

Swali: Kwa nini wazee wasiwe peke yao na watoto?
Jibu: Ili watoto walindwe vema, na ili mzee naye alindwe na uchovu na shutuma za uongo.

Swali: Wazazi wana wajibu gani kwa mzee anayejitolea?
Jibu: Kumletea chakula, maji na kuni, kutomzidishia watoto wala saa, na kumshukuru.

Swali: Mkatekumeni akisikia mzee ashutumiwa ulozi, afanye nini?
Jibu: Asilirudie neno lile. Aende kwa mzee yule mchana kweupe, aketi naye, watu wakiona.

Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni achague mzee mmoja wa kijiji chake, hasa yule ambaye watu hawampiti mlangoni. Aende kwake pamoja na mtoto mdogo, amchukulie ndoo moja ya maji. Kisha aketi, amwombe amsimulie mtoto hadithi moja ya zamani. Yeye mwenyewe anyamaze, asikilize mpaka mwisho.